Dawa Iliyonyang'anywa Maneno

Usemi kwamba muziki ni dawa umegeuka salamu siku hizi. Kila mdomo unautamka, wala hapana anayeuliza: muziki upi, wa nani, na kipimo chake ni kipi? Ningeliupita kimya lau usingelikuwa na mkia. Mkia wenyewe ni huu: kwamba muziki unaotibu ni ule usio na maneno. Kinanda, filimbi, maji yatiririkayo. Maneno, twaambiwa, humchosha mgonjwa. Hapo ndipo ninapokataa, malenga wenzangu, kwa sababu wanaofukuzwa wodini ni sisi.

Chanzo kimoja cha imani hii kinajulikana. Mwaka 1993 Frances Rauscher na wenzake wawili walichapisha katika jarida la Nature taarifa fupi ya utafiti. Wanafunzi 36 wa chuo kikuu walisikiliza sonata ya Mozart kwa dakika 10, kisha wakafanya vizuri zaidi katika majaribio ya kutambua maumbo. Faida ile ilidumu dakika 10 hadi 15, ikayeyuka. Hapakuwa na mtoto mchanga hata mmoja katika jaribio lile, wala mgonjwa. Lakini kufikia mwaka 1998 Zell Miller, gavana wa jimbo la Georgia kule Marekani, alikuwa anaomba fedha za umma ili kila mtoto azaliwaye jimboni mwake apelekewe rekodi ya muziki wa aina hiyo. Robo saa ya wanafunzi ikawa bajeti ya serikali! Na huku kwetu mwangwi wake ungali unarudi kila siku kwenye simu zetu, kwa sauti ya watu ambao hawajapata kuusoma utafiti wenyewe.

Sasa tazameni utafiti usiotajwatajwa. Mwaka 2008 Teppo Särkämö na wenzake wa Helsinki, Ufini, walieleza habari za wagonjwa 60 wa kiharusi. Wote walipata matibabu ya kawaida. Juu ya hayo, kundi moja lilisikiliza kila siku, kwa miezi miwili, muziki liliouchagua lenyewe. Kundi la pili lilisikiliza vitabu vilivyosomwa kwa sauti. La tatu halikuongezewa kitu. Kundi la muziki ndilo lililotangulia katika kumbukumbu ya maneno na katika kuzingatia jambo, na majonzi yake yalikuwa machache kuliko ya wale wasioongezewa kitu. Na mwingi wa muziki ule waliouchagua ulikuwa nyimbo zenye maneno. Mwaka 2020 Aleksi Sihvonen, Särkämö na wengine waliupasua mfupa: nyimbo zenye maneno upande mmoja, ala tupu upande wa pili, vitabu vya kusikiliza upande wa tatu. Kumbukumbu ya maneno ilirejea vizuri zaidi kwa waliosikiliza nyimbo. Hayakuwa maneno peke yake, wala ala peke yake. Yalikuwa maneno yaliyotiwa lahani, yaani kazi yetu.

Sisemi ala tupu hazifai. Mtu anayengojea kupasuliwa aweza kutulizwa nazo, na hilo lina ushahidi wa kutosha. Ninachokataa ni kuifanya tiba ya mmoja kuwa sheria ya wote.

Nililiona hili kwa macho. Mama yangu mkubwa alipopatwa na kiharusi, usemi wake ulibaki neno moja tu, "hapana". Katika hospitali alikolazwa kulikuwa na redio iliyopiga kinanda mchana kutwa. Naye alilala ameuelekea ukuta. Siku moja alikuja shoga yake wa tangu utotoni, akaketi kitandani, akaanza taratibu wimbo wa harusi ambao wote wawili waliuimba ujanani. Alipofika mwisho wa mshororo akanyamaza, na mama mkubwa akakitia kina. Akakitia tena katika mshororo uliofuata, neno zima, wazi. Tukaambiwa tunyamaze, wagonjwa wapumzike. Redio ikaachwa ikiendelea! Hakuponywa na wimbo ule. Alipona, kadiri alivyopona, kwa mazoezi ya miezi mingi. Lakini matabibu wa Boston walikwisha kueleza tangu mwaka 1973 njia ya kumwanzisha kwa kuimba mtu aliyepotewa na usemi, na kina ndicho kilichomfungulia mama mkubwa mlango siku ile.

Kipimo nacho kisisahauliwe, maadamu twasema dawa. Shirika la Afya Duniani hukadiria kuwa vijana zaidi ya bilioni 1 wamo katika hatari ya kuharibu masikio yao kwa kusikiliza kwa sauti kubwa mno. Ushauri wake ni desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki, wala si zaidi. Anayepanda daladala zetu ajipimie mwenyewe.

Lakini lawama nyingine ni ya kwetu. Sheikh Amri Abedi, katika kitabu chake cha mwaka 1954 cha sheria za kutunga, alikutia kuimbika ndani ya maana yenyewe ya shairi. Tangu Kezilahabi atoe Kichomi mwaka 1974 tumegombana kuhusu vina na mizani hata mate yakatukauka, na katika ugomvi huo wote, wa mapokeo na wa kisasa, tumeiacha sauti njiani. Twachapisha tungo zinazosomwa kimyakimya kwenye skrini. Vitukuu wa waghani hawajui tena mahadhi ya utenzi uliowekwa kabatini mwa bibi zao. Tulikuwa na neno ngoma, ambalo katika lugha nyingi za Kibantu ni chombo, ni mchezo na ni uganga kwa pamoja, na katika ngoma hiyo mgonjwa hakulazwa asikilize tu, aliitikia. Leo twaletewa muziki wa kutibu kama bidhaa ngeni, nasi twashangilia.

Basi wiki hii kaeni na wazee wenu, muwaulize nyimbo zao: za harusi, za kazi, kasida, tenzi. Muandike majina yake, mzinase kwa sauti zao wenyewe wakiwa wazima, na anayejua mahadhi ayaghani hadi mwisho, beti zote. Rekodi hizo ziwekwe kwenye simu ya yule atakayemsindikiza mzee hospitali.