Ingekuwa Treni, Nauli Ingekuwa Shilingi Ngapi?

Wiki hii niko Soga, na huku ukitaka stori nenda karibu na reli. Tangu treni ya umeme ianze kubeba abiria wa Dar na Morogoro, Juni 2024, na sisi tukapata stesheni yetu, kijiwe hakikosi mada. Juzi mshikaji mmoja akauliza: "Hivi roketi ya mabilioni inarushwa mara moja halafu inatupwa baharini. Ingekuwa treni, ikifika Morogoro inatupwa, nauli ingekuwa shilingi ngapi?"

Watu wakacheka. Lakini swali hilo hilo ndilo lililozaa Space Shuttle.

Zamani mwanaanga alirudi na kikopo tu, roketi nzima ishapotea. NASA, shirika la anga la Marekani, likaunda chombo chenye mabawa: kinapaa kama roketi, kinatua kama ndege, kinafanyiwa sevisi, kinarudi kazini. Tarehe 12 Aprili 1981 Columbia ikapaa na John Young na Robert Crippen, na siku mbili baadaye ikatua California kwa magurudumu. Zikafuata Challenger, Discovery, Atlantis na Endeavour.

Ahadi ilikuwa tamu, bwana: karibu safari moja kila wiki, tena kwa bei chee. Wapi! Mwaka 1985, uliokuwa na safari nyingi kuliko yote, zilikuwa 9 tu. Kila kikirudi, mafundi wanakagua vigae vya kuzuia joto, zaidi ya 20,000.

Na ratiba ikaanza kuua. Usiku wa Januari 27, 1986, Florida kulikuwa na baridi kali. Wahandisi waliotengeneza roketi za pembeni wakasema mpira unaoziba maungio hukakamaa kwa baridi, tusirushe kesho. Wakubwa wakawazidi nguvu. Kesho yake, sekunde 73 tu, Challenger ikasambaratika na watu 7, akiwemo mwalimu wa shule, Christa McAuliffe.

Ungedhani wamekoma? Januari 2003 kipande cha sponji ya tangi kiliipiga Columbia kwenye bawa la kushoto wakati inapaa. Wahandisi wakaomba bawa lipigwe picha kule juu, wakanyimwa. Februari 1, wakati wa kurudi, joto likapenya na wengine 7 wakafa. Mimi hapo namwona konda anayepiga bodi "twende, twende!" na fundi bado yuko uvunguni.

Lakini tusikivunjie heshima, chombo kilikuwa kiboko. Kilipeleka darubini ya Hubble mwaka 1990, na wanaanga wakaifuata huko huko mara tano kuitengeneza. Kilibeba sehemu kubwa ya kituo cha kimataifa cha anga. Halafu kuna hili ambalo wengi hawalijui: kilitupima hata sisi. Februari 2000 Endeavour ilizunguka dunia siku 11 na wanaanga 6, imechomoza mlingoti wa mita 60 wenye antena ya rada, ikapima miinuko ya karibu asilimia 80 ya nchi kavu. Bonde la Ruvu limo, vilima vya Pugu vimo, Soga imo. Mwaka 2014 Marekani ilipoanza kutoa vipimo vya kina zaidi, vya kila mita 30, Afrika ilipewa kwanza, tena bure. Dogo anayetaka kujua mvua kubwa ikinyesha maji yatakimbilia kwa nani, aanzie hapo.

Safari ya mwisho, ya 135, ilikuwa ya Atlantis. Ilitua Julai 21, 2011. Baada ya hapo Wamarekani wakawa abiria wa Warusi mpaka Mei 2020, SpaceX ilipowabeba kwa Dragon. Hiyo nayo hutumika tena na tena, ila ni kikopo kile kile, kinatua baharini kwa parachuti. Mabawa yamestaafu. Endeavour yetu iliyotupima iko Los Angeles, tangu 2024 imesimamishwa wima na tangi lake, utadhani inangoja filimbi.

Haya, wiki ijayo tukijaliwa.