Kuonyesha wezi si ripoti: tunataka hesabu ya usalama wa Butembo



Kila mmoja wetu anajua ile picha. Ni asubuhi, mbele ya ofisi fulani. Vijana wamekaa chini, miguu mitupu, wamefungwa kamba. Mbele yao vitu vimepangwa: bunduki moja, mapanga, simu, televizyo, godoro. Mkubwa anashika mikro, wandishi wa habari wananyoosha simu zao, na tunaambiwa: hawa ndio walikuwa wanasumbua mji. Watu wanapiga makofi. Kufika saa sita, picha imeisha kuingia mu kila grupu ya WhatsApp. Usiku wake, risasi inalia tena, na kartye ingine inaamka na kilio.

Siye hatukatai wezi wakamatwe. Tunaomba wakamatwe. Lakini tuko na swali ambalo hakuna anayelijibu: wale wa mwezi uliopita wako wapi? Walipelekwa mbele ya mwamuzi? Walihukumiwa? Waliachiliwa juu hakukuwa ushahidi, ao juu familia ilileta feza? Na zile simu, zile televizyo, zilirudi kwa nani?

Hatujui. Nyinyi pia hamjui. Na hapo ndipo tatizo liko. Kuonyesha watu waliofungwa kamba si ripoti ya kazi, ni picha tu. Tena katiba, kipengele cha 17, inasema mtu anayeshitakiwa ni mtu asiye na kosa mpaka hukumu ya mwisho itoke. Kijana ambaye sura yake imetembea mji muzima leo, kesho mwamuzi akimuachilia, nani atapita nyumba kwa nyumba kusafisha jina lake?

Tuwaelezee jambo moja lenye tuliona na macho yetu.

Mama mmoja wa kwetu anauza unga na mafuta ya mawese. Usiku mmoja, saa nane, watu wenye silaha walivunja mlango wake. Majirani walipiga filimbi na masufuria kama kawaida yetu. Wengine walipiga simu kwa polisi. Simu ilipokelewa. Jibu: «Tuko bila mafuta ya gari.» Wezi walichukua muda wao, wakaondoka kwa miguu, hata hawakukimbia.

Asubuhi, wawili kati yetu tulimsindikiza huyo mama kushitaki. Komisaria hatutaitaja, juu si moja tu yenye kufanya vile. Kwanza aliombwa feza ya karatasi. Kisha feza ya kusaidia polisi kushuka kuona mahali. Mama alilipa, yeye ambaye usiku ule ule alinyanganywa kila kitu. PV ikaandikwa. Kisha wiki tatu tukarudi. «Faili imeisha panda juu.» Juu wapi? Hakuna namba, hakuna jina la mtu wa kuuliza.

Siku kidogo kisha, mama aliona radio yake mu picha, imepangwa mbele ya vijana waliofungwa kamba. Aliijua kwa kitambaa chekundu alichofunga kwenye anteni. Akakimbia kuiomba. Akaambiwa ni kitu cha ushahidi, angoje. Aliporudi mara ya pili, radio haikuwa pale tena, na hakuna aliyekumbuka kuiona. Mama alituambia maneno ambayo yangali yanatuuma: «Watoto yangu, mara ingine nitanyamaza.»

Wandugu, mwandike hayo maneno. Ndiyo maana tunasema hesabu ni lazima, na ndiyo maana hesabu moja peke yake inadanganya. Mama yule akinyamaza, na jirani yake pia, mwisho wa mwezi mkubwa mmoja atasimama na kusema: mashitaka yamepunguka, usalama unarudi. Kumbe usalama haujarudi. Watu wamechoka kushitaki tu. Mahali watu wanaaminia polisi, mara nyingi hesabu ya mashitaka inapanda kwanza, juu wale waliokuwa wananyamaza wanaanza kusema. Kwa hiyo tusikubali kuambiwa tu «imepunguka». Tuulize: imepunguka ku nini?

Sasa, nani mwenye haki ya kuuliza? Katiba, kipengele cha 182, inapatia polisi kazi ya kulinda usalama wa watu na vitu vyao. Kipengele cha 184 kinasema polisi iko chini ya mamlaka ya kiraia ya mahali. Na kwa kawaida, wadepite wa jimbo ndio wanapashwa kuita serikali ya jimbo na kuiuliza namna inasimamia kazi.

Lakini kwetu, hiyo mashine yote imesimama. Tangu Mei 2021, Kivu ya Kaskazini na Ituri ziliwekwa chini ya utawala wa kijeshi, ile tunaita eta de siej. Katiba inaruhusu siku 30, kisha kuongeza siku 15 kwa siku 15. Na waliongeza, wakaongeza, mpaka tuliacha kuhesabu. Asemble ya jimbo ilisimamishwa. Gavana akawa mwanajeshi, na msaidizi wake polisi. Meya wa kiraia aliondolewa, na mji wa Butembo ukawekwa mikononi mwa ofisa wa polisi. Hata kesi za jinai za raia zilipelekwa kwa tribunali za kijeshi.

Hatusemi huyu ni mbaya ao yule ni muzuri. Tunasema jambo rahisi: polisi inapashwa kusimamiwa na mamlaka ya kiraia, na sasa mamlaka ya kiraia ni polisi. Mpira, mchezaji na mwamuzi, vyote ni vya timu moja. Kisha hapo nani anabakia wa kuangalia? Tunabakia siye wenye tunalala mu hizi nyumba.

Kwa hiyo tunaomba, kwa heshima, kila mwisho wa mwezi, karatasi moja tu ibandikwe mbele ya merya na ku kila ofisi ya komini, Bulengera, Kimemi, Mususa na Vulamba. Hiyo karatasi ijibu maswali sita:

1. Mwezi huu watu wangapi walishitaki, juu ya makosa gani, mu komini gani?
2. Mafaili mangapi yalitumwa kwa parke ao kwa oditora ya kijeshi, na mangapi yalipata hukumu?
3. Watu walipoita polisi usiku, mara ngapi ilifika, kisha dakika ngapi, na mara ngapi haikufika?
4. Watu wangapi walilala mu kasho zaidi ya masaa 48, wakati kipengele cha 18 cha katiba kinakataza?
5. Vitu gani vilivyoibiwa vilipatikana, na vilirudishwa kwa nani?
6. Polisi wangapi walishitakiwa na raia juu ya kuomba feza ao kupiga watu, na wangapi waliadhibiwa?

Tunajua jibu lenye litakuja: «Tuko mu vita. Kutoa hizo habari ni kusaidia adui.» Wandugu, tunaishi hapa. Vita hatukuisoma mu kitabu. Tangu 2014 ndugu zetu wa Beni wanazika watu kila mara. Usiku wa tarehe 9 kuamkia 10 Agosti 2022, gereza la Kakwangura, hapa hapa Butembo, lilishambuliwa, wafungwa zaidi ya 800 wakatoroka. Lakini tusome tena maswali yetu. Hatuulizi bunduki ziko ngapi. Hatuulizi patruye inapita njia gani, ao nani analinda wapi. Hakuna adui atashinda vita kwa kujua kama radio ya mama ilirudishwa. Na tuongeze: mji ambao watu wake wanaogopa polisi ni mji ambao hakuna anayepeleka habari kwa polisi. Huo ndio unamsaidia adui.

Tena tuwe wa haki. Ule usiku wa Kakwangura, polisi waliokuwa pale kulinda waliuawa. Walikuwa na wake na watoto kama sisi. Tunajua polisi mwenye cheo kidogo analipwa kidogo sana, na mshahara unachelewa. Wengi wanakodi nyumba mu kartye zetu, wanakopa unga kwa duka zile zile tunakopa sisi. Anatumwa patruye bila gari, bila tochi, bila koti la mvua, na mnajua mvua ya Butembo. Hiyo haimpatii ruhusa ya kumkamua mama mwenye kuibiwa. Lakini inatufundisha kwamba hesabu inaweza kumsaidia hata yeye. Karatasi ikisema mara nyingi polisi haikufika juu ya kukosa mafuta, hapo swali halitabakia kwa polisi mdogo. Litapanda kwa mwenye kupokea feza ya mafuta, na kwa Kinshasa yenye kuituma ao kutoituma.

Wala hatuombi jambo la ajabu. Miaka ya 2010, wakati wa kutengeneza upya polisi ya inchi, miji kama Bukavu, Matadi na Kananga ilichaguliwa kujaribu polisi ya karibu na raia. Watu wa kartye walikaa na polisi na wakubwa wa mahali, wakaongea juu ya njia zenye giza, juu ya wizi, juu ya polisi wenyewe. Mwaka 2013 serikali ilitia sahihi dekre ya kuunda baraza za usalama wa karibu, mahali wakubwa, polisi na raia wanapashwa kuketi pamoja. Kwa hiyo karatasi ya sheria iko. Kazi ndiyo haionekani.

Sasa tugeuze kidole kwetu. Ndugu yetu akikamatwa, nani anakimbia na dola 20 ili atoke kabla faili haijaandikwa? Ni sisi. Mtoto wa jirani akirudi na simu tatu mu mfuko, nani ananyamaza juu ni wa familia? Ni sisi. Na mwizi akishikwa na watu, nani anatafuta mawe na matairi? Tumeona mtu akipigwa mpaka kufa mu mji huu juu ya kitu kidogo, na tuseme ukweli wote: wamoja wetu tulikuwa pale, tumesimama, tunachukua picha. Hatukupiga. Lakini hatukusema kitu. Watu wanasema wanafanya vile juu polisi itamuachilia kesho. Labda. Lakini maiti haiwezi kusema kama ilikuwa mwizi ao ilikuwa mpita njia. Hatuwezi kuomba polisi iheshimu sheria mchana, kisha usiku tuikanyage siye wenyewe.

Basi tufanye nini? Wengi wetu tuko na diploma na hatuna kazi. Tunajua kuandika, tunajua kuhesabu, na muda tuko nao. Tutumie hivyo vitu tatu.

Moja: kila avenyi iwe na daftari. Wizi ukifika, tuandike siku, saa, mahali, polisi iliitwa saa ngapi, ilifika saa ngapi, feza gani iliombwa. Tusiandike jina la mtu aliyeibiwa, wala la mtu anayedhaniwa kuwa mwizi. Tusiandike uvumi. Kama hatukuona wala hatukusikia kwa mwenyewe, tuache wazi. Daftari lenye uongo mmoja litaua madaftari yote.

Mbili: mtu akienda kushitaki, tusimuache aende peke yake. Watu wawili wamsindikize, waombe namba ya faili, na warudi kuuliza. Polisi akifanya kazi muzuri, tuandike hiyo pia, na tuiseme kwa sauti.

Tatu: maswali yetu sita tunayageuza kuwa petisyo. Kipengele cha 27 cha katiba kinapatia kila Mukongomani haki ya kuandikia mamlaka, peke yake ao pamoja na wengine, na mamlaka inapashwa kujibu katika miezi mitatu. Tutapeleka kwa meya, kwa komanda wa polisi wa mji na kwa gavana, na kopi kwa Inspeksyo Jenerali ya polisi, ambayo kazi yake ni kuangalia polisi yenyewe. Siku tutapata sahihi ya kupokea, tutaanza kuhesabu miezi mitatu mbele yenu, wiki kwa wiki.

Tunajua wamoja wetu wataitwa wachochezi, na labda tutalala siku kadhaa mu kasho juu ya daftari la mashule. Hatutatupa mawe. Hatutachoma tairi. Tutaleta tu daftari letu na kuomba wakubwa walete lao, tulinganishe. Kama letu ni la uongo, watatuaibisha mbele ya mji. Kama lao halipo, mji pia utajua.

Yule mama alituambia atanyamaza. Tulimuomba angoje kidogo. Kijana wa Butembo, ukirudi nyumbani leo, nunua daftari na kalamu, kisha umuulize jirani yako: mara ya mwisho uliita polisi, walifika saa ngapi? Andika jibu lake. Kazi imeanza.