DIPLOME YA SHERIA SI MWISHO WA SAFARI



Kila mwaka vijana wetu wa Lubumbashi wanamaliza masomo ya sheria. Mama anapiga vigelegele, mbuzi anachinjwa. Nasi tunafurahi pamoja nao. Lakini tunauliza: kisha sherehe, kijana huyu atasimama upande wa nani?

Tukumbuke tulikotoka. Katika mwaka 1921, Simon Kimbangu alihukumiwa kufa na baraza la askari kule Thysville, bila avoka wa kumusemea. Mufalme wa Ubelgiji akageuza hukumu ile kuwa buloko ya maisha. Muzee alifungwa miaka 30 hapa kwetu Elisabethville, akafia humo tarehe 12 Oktoba 1951. Na siku ya uhuru, 30 Juni 1960, hakukuwa Mukongo hata mumoja aliyekuwa avoka. Si kwa kukosa akili. Mutawala alijua vizuri kwamba mutu mwenye kujua sheria haogopeshwi na karatasi yenye muhuri.

Marcel Lihau alisoma sheria Louvain, kule Ubelgiji. Alirudi, akashiriki katika kazi ya konstitusio ya 1964, na mwaka 1968 akawa mukubwa wa kwanza wa Korti Kuu ya inchi. Mwaka 1975 aliondolewa, kwa sababu alikataa kutimiza hukumu kali juu ya wanafunzi waliogoma. Alipoteza kiti, hakuuza haki.

Basi vijana, musisimame kwenye diplome. Katika inchi zingine mutihani unafungua mulango wa baro. Kwetu, sheria ya 28 Septemba 1979 iliagiza kiapo na staji ya miaka 2 kwa avoka mwenye kuzoea kazi. Tunajua staji ni ngumu: pesa ni kidogo ao hakuna, viatu vinaisha njiani kwenda tribinali. Wengi wanachoka, wanatafuta kiti ofisini. Hatuwatukani. Lakini kila mumoja anayeacha, kuna mufanyakazi anayebaki peke yake mbele ya zuzi, na kampuni ina avoka wake.

Sisi wazazi pia tuna kosa. Tunalipa inivarsite miaka mingi, na siku ya diplome tunamwambia mutoto: sasa utulishe. Tumuvumilie miaka 2 tena.

Na ninyi mutakaovaa kanzu nyeusi, sheria ileile inataka baro iwe na ofisi ya kuwashauri maskini bila malipo. Mukae humo. Mumwelezee mufanyakazi, kwa Kiswahili chake, maneno ya karatasi aliyotiliwa kidole, mbele ya kumuuliza franka.

Wazee wetu waliomba watoto wasome. Wamesoma. Sasa warudi kambini.