Tumwulize Bwana Suzuki Swali Lipi?

Jumamosi moja katika muhula huu, baada ya chakula cha jioni, yalizuka mabishano makali bwenini kwetu. Mwenzetu mmoja aliuliza hivi: Kama ungepewa nafasi ya kumwuliza Bwana Yu Suzuki wa Japani swali moja tu, ungemwuliza nini? Kila mtu alikuwa na lake. Kengele ya kulala ililia kabla hatujapatana, na kiranja akazima taa. Kwa kuwa usiku ule sikuwahi kusema yangu, naomba nafasi niyaseme hapa.

Kwa faida ya wale wasiomjua, Bwana Suzuki ni mtunzi na mwongozaji wa michezo ya video. Alizaliwa mwaka 1958, akaingia kazini katika kampuni ya Sega mwaka 1983, akatunga michezo iliyopendwa mno kama Hang-On, OutRun na Virtua Fighter. Lakini jina lake hutajwa zaidi kwa ajili ya Shenmue, mchezo uliotolewa Japani mwezi wa Desemba 1999. Ni habari za kijana aitwaye Ryo Hazuki, wa mji wa Yokosuka, ambaye mwaka 1986 anamwona baba yake akiuawa nyumbani kwao na mtu aitwaye Lan Di. Ryo anaazimia kumfuata mwuaji huyo popote alipo. Mchezaji ndiye anayekuwa Ryo: hutembea mitaani, huuliza watu habari, hufungua droo za meza, na hata huajiriwa bandarini kuendesha foklifti.

Sehemu ya pili ilitoka mwaka 2001. Ilimpeleka Ryo Hong Kong, kisha Guilin huko China, ikaishia ndani ya pango, hadithi ikiwa katikati. Mwaka huo huo Sega iliacha kutengeneza mashine yake ya Dreamcast, ambayo ndiyo mchezo ule ulitungiwa. Basi wapenzi wa Ryo waliachwa pangoni kwa miaka mingi.

Ilipofika Juni 2015, Bwana Suzuki alipanda jukwaani katika maonyesho ya michezo mjini Los Angeles, akatangaza kwamba ataitengeneza sehemu ya tatu ikiwa watu watamchangia. Aliomba dola milioni 2. Zilipatikana kabla siku haijaisha! Mchango ulipofungwa, watu 69,320 walikuwa wametoa zaidi ya dola milioni 6.3. Hawa hawakuwa matajiri wanaotafuta faida. Walikuwa wachezaji tu, watu waliotaka kujua kijana yule yatamfika nini.

Sasa nirudi bwenini. Wenzangu wengi walisema wangemwuliza: Sehemu ya nne itatoka lini? Siwalaumu. Ahadi ni deni, na aliyetoa fedha yake ana haki ya kuuliza. Lakini tazameni yaliyotokea. Sehemu ya tatu iliahidiwa Desemba 2017. Ikasogezwa mpaka 2018, kisha mpaka Agosti 2019, na mwisho ikatoka tarehe 19 Novemba 2019. Sidhani kwamba Bwana Suzuki alikuwa mwongo. Naona kwamba aliulizwa jambo ambalo hakuna fundi awezaye kulijua kwa hakika, naye kwa adabu akajibu. Jibu la namna hiyo halimfai aulizaye wala ajibuye.

Wengine walisema: Mimi ningemwuliza ataongeza nini. Mmoja alitaka miji mikubwa zaidi, mwingine mapigano bora, mwingine michezo mingi zaidi ndani ya mchezo. Maswali haya ni matamu, nami zamani niliyapenda. Lakini kumbukeni kwamba wakati wa mchango ule wa mwaka 2015, kila fedha zilipovuka kiwango fulani, jambo jingine liliongezwa katika ahadi. Tulifurahi. Je, tulipata nini? Tulipata mchezo wenye mambo mengi, lakini Ryo hakulipiza kisasi chake, na hadithi haikwisha. Kabla haujatoka, Bwana Suzuki mwenyewe alisema kwamba sehemu ya tatu ingeifikisha hadithi yake kwenye asilimia 40 hivi. Yaani zaidi ya miaka 20 imepita tangu sehemu ya kwanza, na nusu ya safari bado haijafika.

Hapa nataka kueleza kwa nini jambo hili linanigusa. Bibi yangu alikuwa msimulizi hodari. Likizo moja alituanzia hadithi ya msichana aliyechukuliwa na zimwi. Sisi wajukuu hatukumwacha aendelee. Bibi, zimwi lilikuwa na meno mangapi? Bibi, ngoma yake ililiaje? Bibi, yule ndugu mdogo alivaa nini? Naye kwa upendo alijibu kila swali, akaongeza jino, akaongeza ngoma, akaongeza nguo. Kila usiku tulilala msichana akiwa bado ndani ya mfuko. Shule zikafunguliwa, tukaondoka, tukisema tutamalizia likizo ijayo. Bibi alifariki kabla ya likizo hiyo. Meno ya zimwi nayajua yote mpaka leo, lakini kama yule msichana aliokoka sijui, wala hakuna wa kumwuliza.

Kwa hiyo mimi swali langu kwa Bwana Suzuki lingekuwa hili: Bwana, uko tayari kuacha nini ili umalize? Uko tayari kuacha miji mikubwa? Uko tayari kuacha droo zisizo na kitu ndani, na hata foklifti tunayoipenda sote, ili tujue Lan Di alimwua baba yake Ryo kwa sababu gani hasa, na Ryo atafanya nini siku atakapoweza kumshinda?

Baadhi yenu mtasema kwamba Shenmue bila vitu hivyo vidogo si Shenmue. Neno hilo lina nguvu, maana ndivyo vilivyoufanya mchezo ule ujulikane. Mwaka 2025 chama cha BAFTA cha Uingereza kiliwaomba watu wautaje mchezo wa video ulioleta mabadiliko makubwa kuliko yote, na Shenmue ndio uliopata kura nyingi kabisa. Lakini sifa hiyo imekwisha patikana. Hakuna atakayeinyang'anya. Mambo madogo tunayo tayari, na waongozaji wengine wameyaiga na kuyazidisha. Lile ambalo hatuna, na ambalo hakuna mwingine duniani awezaye kutupa, ni mwisho wa hadithi ulio kichwani mwa mtu mmoja, naye amekwisha pita miaka 65.

Tena naona lawama si ya kwake peke yake. Wapenzi wa mchezo nao wana sehemu yao. Tukiuliza "lini", tunamharakisha. Tukiuliza "utaongeza nini", tunamchelewesha. Mara nyingi tunauliza yote mawili kwa pumzi moja, kisha tunashangaa kazi haiendi. Mwenye kumpenda msimulizi yampasa ajifunze kunyamaza kidogo, ili hadithi ipite.

Kuuliza si ujinga, lakini swali lina wakati wake. Mtu mzima mwenye hazina tumwulize lile alijualo yeye peke yake, na tumwulize mapema. Kama mnaona nimekosea, karibuni mnijibu katika toleo lijalo. Na ninyi mlio na bibi na babu nyumbani, likizo hii msiwaulize habari za meno ya zimwi. Waulizeni mwisho wake.