Admini wa grupu la wachoraji Dodoma, huo "ubora" umeuandika wapi?

Kuna grupu moja la WhatsApp la wachoraji wa Dodoma, jina lake libaki pembeni maana wenye kulijua wanalijua. Wiki iliyopita, saa mbili usiku, binti mmoja wa Miyuji aliposti mchoro wake. Ng'ombe wanne wanakwenda kunywa maji, mbuyu kwa nyuma, vumbi jekundu mpaka magotini. Ng'ombe wenyewe wana miguu mifupi na macho makubwa kama ya watu. Ameuchora kwenye kipande cha siling bodi, kwa rangi ya mafuta iliyobaki kwenye makopo baada ya mafundi kumaliza nyumba ya jirani.

Hazikupita dakika tatu, mchoro ukafutwa. Admini akaandika: "Dada, humu tunapokea kazi zenye ubora tu." Binti akauliza kwa adabu zote, "Samahani kaka, ubora upi? Nielekeze nirekebishe." Hakujibiwa. Asubuhi akakuta ameshatolewa.

Sasa ukweli usemwe. Admini mwenyewe ni fundi, hilo halina ubishi. Anachora sura za watu kwa penseli, ukitazama haraka unadhani ni picha ya studio, mpaka vinyweleo na jasho la puani vinaonekana. Mchoro mmoja hauchukui chini ya laki na nusu. Anastahili kila shilingi. Tatizo ni kwamba amejifanya yeye ndiyo futi kamba. Kinachofanana na mkono wake kinaitwa ubora, kisichofanana kinaitwa uchafu, na hakuna mahali popote mle ndani palipoandikwa ubora ni nini. Muulize leo atakwambia ni uhalisia. Kesho anafuta mchoro wa uhalisia kabisa wa dogo mmoja, eti "haina hisia".

Kuna watu watasema, si grupu tu hilo, aanzishe lake. Hao hawajui Dodoma ya sasa. Tangu serikali itangaze kuhamia hapa mwaka 2016, na mji kupandishwa kuwa jiji mwaka 2018, lodge, mgahawa na ofisi zinaota kama uyoga, na kila mwenye ukuta mpya anatafuta cha kutundika. Mameneja wa lodge na watu wa mapambo ya ndani wamo mle mle kwenye grupu, wamekaa kimya, hawaandiki kitu, wanatazama tu na kumfuata mtu inbox. Michongo mingi inaanzia hapo. Kwa hiyo anayefuta mchoro wako anakutoa mezani kabla mteja hajakuona. Na yeye meza yake iko hapo hapo! Ni sawa na muuza nyanya wa soko la Majengo apewe geti, aamue nyanya za nani ziingie, halafu akiulizwa aseme anaangalia ubora.

Pengine hana roho mbaya. Pengine anaamini kabisa anachofanya. Lakini mtu anayeuza hawezi kuwa huyo huyo anayechuja wauzaji wenzake kwa macho tu, hata angekuwa malaika.

Halafu kuna kituko cha mwezi uliopita, ambacho watu wa grupu wanakicheka pembeni. Jamaa mmoja aliposti "mchoro" wa mzee wa Kigogo na fimbo yake, ngozi inang'aa, mvi moja moja zinahesabika. Emoji za moto zikamiminika, admini akiwa wa kwanza. Siku mbili baadaye mtu akahesabu vidole: mkono ulioshika fimbo una sita. Picha ilitengenezwa na akili mnemba, sekunde chache, bila penseli kugusa karatasi. Haikufutwa. Ipo mpaka leo. Yaani ubora ukiupima kwa ulaini, mashine inapita getini inapigiwa makofi, na binti aliyeinama siku nne juu ya siling bodi anatolewa nje.

Grupu linahitaji usafi, hakuna anayekataa. Kuna wanaoiba kazi za watu mtandaoni na kuweka majina yao. Kuna wanaotupia matangazo ya mikopo na kubeti. Kuna anayepiga picha usiku bila taa, mchoro unaonekana kama tope. Hivyo vyote vifutwe bila huruma. Lakini angalia, kila kimoja kina sababu unayoweza kuiandika kwa mstari mmoja, na mtu akaielewa, akarekebisha au akabisha. "Haina ubora" huwezi hata kuibishia, maana haisemi kitu. Hata BASATA, pamoja na lawama zote inazopewa, wimbo ulipofungiwa mwaka 2018 ilisema ni kwa sababu ya maneno machafu. Watu wakapata cha kubishania, na walibishana kweli kweli.

Na mkoa huu ndio haukupaswa kabisa kuugua ugonjwa huu. Panda gari barabara hii hii ya Arusha inayopita upande wa Miyuji, vuka Kondoa mjini, shuka Kolo. Kule miambani kuna michoro iliyoingizwa na UNESCO kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2006, sehemu zaidi ya 150. Iko myekundu, ya zamani zaidi, mistari myembamba, twiga na watu warefu, mizuri hata kwa macho ya admini. Na iko myeupe, iliyokuja baadaye, minene, mingi imepakwa kwa vidole, wanyama wake huwezi kila mara kuwatambua. Hiyo myeupe kwa muda mrefu watu waliiona ya hovyo. Lakini inahusishwa na wakulima walioishi maeneo haya, na matambiko na maombi ya mvua kule Kolo hayajaisha hadi leo. UNESCO haikuchagua twiga wazuri ikaacha vidole vyeupe, ilichukua eneo zima. Admini wetu angekuwa na ufunguo wa ule mwamba, nusu ya urithi ingekuwa imeshafutwa.

Au Edward Saidi Tingatinga. Mtu wa Tunduru, hakusoma chuo chochote cha sanaa, akaanza mwaka 1968 hivi kuchora Dar es Salaam kwenye mbao laini kwa rangi za baiskeli, akiuza pale Morogoro Stores, Oyster Bay. Wasomi waliiita sanaa ya kuuzia watalii. Alifariki mwaka 1972, miaka kama minne tu ya kazi, na leo jina lake ndilo jina la mtindo mzima. Chui wake hafanani na chui wa porini. Wanunuzi walimwona kwa sababu picha zilikuwa barazani, kila mpita njia anatazama mwenyewe.

Kinachotakiwa kwenye hilo grupu ni kidogo sana. Masharti yaandikwe pale juu: kazi iwe yako, ipigwe picha mchana, matangazo marufuku, kilichotengenezwa na mashine kisemwe. Anayefuta aseme sharti lipi limevunjwa. Waongezwe maadmini wawili, angalau mmoja awe mtu asiyeuza michoro. Na binti arudishwe, tena aombwe radhi mle mle alimofukuzwa, siyo inbox.

Wale ng'ombe wa miguu mifupi, kwa taarifa yenu, wako ukutani kwa mama ntilie mmoja maeneo ya Mipango. Amelipa elfu thelathini na tano, kwa mafungu mawili. Wanaomjua admini wamfikishie, akapate chakula pale siku moja.