Nyumba Inayovuja Ina Mwenyewe

Mvua za Septemba hazimshtui mtu Butembo wala Beni. Zinakuja kila mwaka. Kwa hiyo mwenye nyumba anayepokea kodi mwezi Agosti akijua manjanja yake yametoboka, kisha Oktoba akamwambia mpangaji atege beseni, hana la kujitetea.

Sheria iko wazi. Kitabu cha tatu cha Kode sivile, kilichotokana na dekreti ya tarehe 30 Julai 1888, kinamtaka mwenye nyumba aikabidhi ikiwa nzima na aitunze muda wote wa upangaji. Jengo likibomoka kwa kukosa matunzo, hasara ni juu yake. Paa, kuta na bomba lililofukiwa katika parseli ni mzigo wake. Robine iliyovunjwa na mtoto wa mpangaji ni ya mpangaji, na ni wajibu wake pia kutoa taarifa siku ileile anapoona maji yanavuja.

Taarifa hiyo ni jambo la uhai. Nyumba nyingi za kupanga kwetu ni za matofali mabichi yaliyopakwa simenti kwa nje. Robine ikidondoka chini ya ukuta wa namna hiyo, udongo unanyonya maji na simenti inayaficha. Kwanza rangi inavimba usawa wa goti. Baadaye ukigonga plasta unasikia imeachana na ukuta. Mvua kubwa ikinyesha, ukuta unaanguka, na mara nyingi kitanda cha watoto kimeegemezwa hapohapo. Mpangaji aliyenyamaza kwa hofu ya kufukuzwa amekosea. Aliyeambiwa akajibu "vumilia kidogo" amekosea zaidi, maana ndiye anayelipwa.

Kuna tabia nyingine tunayoikataa kabisa: kula garanti ya mpangaji kwa ajili ya kutengeneza paa lililooza kabla hajahamia. Sheria namba 15/025 ya tarehe 31 Desemba 2015 inasema garanti ya nyumba ya kuishi isizidi kodi ya miezi mitatu. Fedha hiyo inafidia alichoharibu mpangaji, basi. Tunajua kwa nini wengine wamepata kiburi. Vita vimeleta familia kutoka Lubero na pande za Oicha, na tangu Goma ilipoanguka Januari 2025 serikali ya jimbo iko Beni. Akitoka huyu asubuhi, jioni anaingia mwingine. Lakini dhiki ya mkimbizi si ruhusa ya kumuuzia chumba kinacholowa.

Kabla ya kukabidhiana funguo, wote wawili wazunguke nyumba, waandike hali ya paa, kuta na robine, watie sahihi. Wakigombana, waanzie ofisi ya Habitat kabla ya kwenda mahakamani. Nasi tunawataka mameya wa miji yote miwili waamuru ofisi hiyo isipige muhuri mkataba wowote usio na karatasi hiyo, na amri itoke kabla ya mvua zijazo.