Waliorejea kutoka Uganda

Kampala ilipotekwa Aprili 11, 1979, vijana wengi wa Kikurya walikuwamo jeshini. Walirejea Tarime wakipokewa kwa vigelegele. Na baadhi yao, tusifichane, walirejea na bunduki. Huko Nyamwaga na kwingineko wilayani, wizi wa ng'ombe uliokuwa wa mishale na mikuki ukawa wa risasi. Serikali ikazisaka silaha, jambo jema. Lakini ni nani aliyeiulizia nafsi ya kijana aliyefunzwa kuua, kisha akaambiwa akachunge? Sisi wahubiri tuliwalaani wezi mimbarini. Hatukumwendea aliyekuwa akigutuka usiku. Waliosalia sasa ni wazee. Twendeni tukae nao, tuwasikilize, kabla hatujaitwa mazishini.